Upepo wa Tairi kwa Gari la Shamba: Kipimo Kinaenda na Mzigo

Najua wengi mmezoea nikiandika habari za mbegu, mbolea na kantangaze. Leo tunatoka shambani tunaingia barabarani, kwa sababu nyanya ikishachumwa kazi haijaisha. Umeihudumia miezi mitatu, umepiga dawa, umelipa vibarua, sasa hela yako yote ipo ndani ya matenga, matenga yapo juu ya gari, na gari limesimama juu ya matairi manne yaliyojazwa upepo. Mkulima huyo huyo anayepima mbolea kwa kizibo cha soda kila shimo, akifika kwa fundi pancha unasikia mazungumzo haya:

"Bosi, niweke ngapi?"

"Weka za kutosha, leo nabeba mzigo."

Za kutosha ni ngapi? Hapo ndipo somo letu lilipo. Mimi ni afisa ugani, si fundi magari, lakini katika kata ninayohudumia vijana wanaolima kibiashara wengi sasa wana kirikuu au pikapu zao wenyewe, na hasara nyingi ninazoziona baada ya mavuno zinaanzia kwenye tairi.

Kinachobeba mzigo ni upepo

Watu wengi wanaamini raba ndiyo inayobeba gari. Siyo. Raba na nyuzi zilizomo ndani yake ni mfuko tu, kazi yake kubwa ni kuuzuia upepo usitoke na kushika barabara. Mzigo unabebwa na upepo uliobanwa humo ndani. Ndiyo maana tairi jipya la bei kubwa likiwa na upepo mdogo haliwezi kazi ambayo tairi la kawaida lenye upepo sahihi linaifanya bila shida.

Kwa wale wafugaji mtafurahi kujua kwamba aliyelifikisha tairi la upepo sokoni alikuwa daktari wa mifugo. John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa akitibu wanyama huko Belfast, alilitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya matairi matatu ya mwanawe, akapata hataza mwaka 1888. Kwa hiyo mtu wa mifugo na kilimo akizungumzia matairi haingilii kazi ya watu.

Turudi kwenye upepo. Tairi likiwa na upepo pungufu, ubavu wake unakunjika kila linapogusa chini na kukunjuka linapoinuka. Tairi dogo la kirikuu, lile la inchi 12, linazunguka karibu mara 600 kila kilomita. Ukitembea kilomita 60 kwa saa, ubavu unakunjika mara kumi kwa kila sekunde moja. Fanya jaribio hili: chukua kipande cha waya wa kufungia matenga, kikunje na kukikunjua harakaharaka mara ishirini, halafu gusa pale kilipokunjika. Kinaunguza. Ukiendelea kinakatika. Hicho ndicho kinachotokea kwenye ubavu wa tairi, polepole, huku wewe umewasha redio. Raba inapata joto, inaachana na nyuzi, na siku moja inapasuka. Dereva atasema "tairi lilikuwa bovu" au "jua lilikuwa kali". Jua linachangia, lakini joto lenye kuua tairi linatengenezwa na tairi lenyewe.

Upepo ukizidi nako kuna hasara yake, ya aina nyingine. Tairi linakuwa gumu kama jiwe, linagusa barabara kwa kitovu peke yake. Eneo la tairi linaloshika lami ni dogo hata upepo ukiwa sahihi, kwa gari dogo halizidi sana kiganja cha mtu mzima. Ukilipunguza zaidi, breki za ghafla kwenye mvua zinakuwa kamari. Na kwenye barabara zetu za kutoka shambani, zile zenye mabati ya vumbi na mawe, gari linadunda na kila mdundo unaishia kwenye nyanya za chini ya tenga. Unafika sokoni mnunuzi anamimina tenga, chini anakuta sosi. Halafu mnabishana bei wakati chanzo ni PSI kumi za ziada ulizoambiwa ni za usalama.

Namba yako iko wapi

Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo ya mlango, mahali mlango unapofungia. Kuna stika. Kwenye baadhi ya magari iko kwenye mlango wenyewe au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Stika hiyo inataja saizi ya tairi ambalo gari lilitoka nalo kiwandani na upepo wa mbele na wa nyuma. Kwa pikapu nyingi utakuta namba za aina mbili: gari likiwa tupu au na watu wachache, na gari likiwa na mzigo. Namba ya nyuma yenye mzigo huwa kubwa zaidi kwa sababu mzigo unakaa nyuma.

Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, kwa hiyo stika imeandikwa Kijapani na namba ziko kwa kPa, siyo PSI. Usiogope. Chukua namba ya kPa ugawe kwa 7, utapata PSI kwa ukaribu wa kutosha. 200 inakuwa karibu 29, 240 inakuwa karibu 35, 350 inakuwa 50 na kidogo. Ukikuta namba ndogo kama 2.0 au 2.4, hiyo ni kipimo cha bar au cha kilo kwa sentimita ya mraba, na kwa kazi yetu vyote viwili zidisha kwa 14.5. Kama stika imebanduka au imepigwa rangi, kitabu cha gari kinayo. Ukishaipata iandike kwa rangi au kalamu ya wino usiofutika ndani ya mlango, kwa namba zetu, ili hata dereva wa kukodi aione.

Sasa kosa ambalo naliona kila wiki. Mtu anainama, anasoma ubavuni mwa tairi, anakuta imeandikwa namba ya upepo, labda 51 au 65, anamwambia fundi aweke hiyo. Namba ya ubavuni ni kikomo. Inakwambia tairi hilo linabeba mzigo wake wa juu kabisa kwa upepo gani, wala aliyeitengeneza hajui gari lako ni lipi. Anayelijua gari ni yule aliyeweka stika.

Ubavuni humo humo kuna maandishi mengine ambayo mkulima anayebeba mzigo lazima ayajue. Tuseme umekuta 145R12 halafu 80/78N. Hiyo 80 ni alama ya uzito: tairi moja linabeba kilo 450. 78 ni kilo 425, inatumika pale ambapo matairi yamefungwa mawili mawili upande mmoja. N ni mwendo, mwisho kilomita 140 kwa saa, ambao kirikuu haufikii hata ukisukumwa na upepo. Pikapu nyingi zenye tairi la 195R14C utakuta 106/104, maana yake kilo 950 kwa tairi likiwa moja na kilo 900 yakiwa mawili.

Tupige hesabu ya kirikuu kama tunavyopiga hesabu ya shamba. Magari hayo madogo ya Japani yamesajiliwa kubeba kilo 350. Vijana wangu wanapakia matenga 20. Tenga likiwa na kilo 40, hizo ni kilo 800. Tuchukulie kilo 700 kati ya hizo zinaangukia ekseli ya nyuma, na gari lenyewe likiwa tupu linaegemea nyuma kwa kilo 300. Jumla kilo 1,000. Matairi mawili ya nyuma uwezo wake ni kilo 900. Umeshavuka, na hapo bado hujakanyaga shimo hata moja. Kwenye shimo uzito unaolipiga tairi unaongezeka kwa muda mfupi kuliko huo.

Kijana mmoja aliniuliza, "Mzee, si naongeza upepo tu nibebe?" Hapana, mdogo wangu. Upepo unakusaidia mpaka kwenye kikomo cha tairi, kikishapita hapo unaongeza presha kwenye mfuko uliokwisha zidiwa. Ekseli, springi na breki nazo zinabaki zile zile. Afadhali safari mbili, au mchange wakulima watatu mkodi Fuso. Piga hesabu ya tairi na mzigo uliooza njiani uone kama safari ya pili ni ghali kweli.

Na kama umebadilisha saizi ya tairi, umefunga pana au refu kuliko la kiwandani, stika haikuhusu moja kwa moja tena. Muuzaji wa tairi awe na jedwali la mzigo na upepo la tairi hilo. Asipokuwa nalo, nunua saizi ya stika.

Pima tairi likiwa baridi

Namba ya stika ni ya tairi baridi, yaani gari limesimama saa tatu au zaidi, au limetembea mwendo usiozidi kilomita moja na nusu, taratibu. Ukishatembea, upepo wa ndani unapata joto na presha inapanda, kawaida PSI 4 hadi 6, na ukiwa na mzigo mzito inaweza kuzidi. Kupanda huko si ugonjwa. Watengenezaji walikuhesabia tangu mwanzo.

Nieleze lililompata kijana mmoja wa kata yangu, kwa sababu linaeleza jambo hili kuliko mimi. Alitoka Ilula usiku na pikapu ya nyanya kwenda Dar es Salaam, nyuma ameweka PSI 52 kama stika inavyosema. Hapo alikuwa sahihi kabisa. Ameshuka Kitonga, amefika Mikumi asubuhi, akasimama kunywa chai. Fundi mmoja wa pembeni akapima, akakuta 59. "Kaka, hizi zimejaa mno, zitapasuka na hili jua." Akazipunguza mpaka 45. Kijana akashukuru na kulipa. Sasa fikiria: 45 ya tairi la moto ni karibu 39 ya tairi baridi, na mzigo ni ule ule. Ubavu ukaanza kukunjika zaidi, joto likapanda zaidi, na kabla ya kufika Morogoro tairi la nyuma kushoto likachanika. Spea akaitoa: upepo hamna, haijaguswa tangu anunue gari. Alikaa pale pembeni ya barabara saa sita na nyanya juani. Alipofika sokoni mnunuzi wake alishachukua mzigo wa mtu mwingine, akauza kwa bei ya jioni. Mkopo wa pembejeo aliokuwa nao kwenye kikundi ulimalizwa na msimu uliofuata.

Kwa hiyo usipunguze upepo wa tairi la moto, hata aliyekushauri awe na mvi. Ukipima njiani tairi likiwa la moto ukakuta liko sawa na namba ya stika au chini yake, ujue hapo limepungua kweli. Jaza mpaka lizidi namba ya stika kwa PSI 4 au 5, kisha kesho asubuhi likipoa upime upya na kurekebisha. Likiwa la moto kupita mengine matatu, kiasi kwamba huwezi kuweka kiganja, mahali hapo simama utafute sababu. Inaweza kuwa upepo unavuja, au breki ya gurudumu hilo imekamata.

Kwenye mteremko kama Kitonga kuna joto la pili. Breki zikitumika mfululizo zinapata moto, rimu inapata moto, na tairi linapokea. Shuka kwa gia namba mbili, acha injini ikushike, breki uzitumie kwa vipindi.

Hali ya hewa nayo inahesabika. Joto la nje likibadilika kwa nyuzi 10, upepo unabadilika karibu PSI 2. Asubuhi ya Julai Ilula unavaa koti, mchana wake Dar es Salaam unatafuta kivuli. Kuna jambo jingine ambalo wachache wanalijua: kutoka karibu mita 1,400 mpaka usawa wa bahari, hewa ya nje inakuwa nzito zaidi na geji inasoma chini kwa karibu PSI 2. Joto linapandisha, mteremko unashusha, kwa kiasi kikubwa vinafutana. Kwa safari hiyo wala usihangaike na kikokotoo. Pima pale gari lilipolala, asubuhi yake, kabla ya kuwasha.

Sisi wa nyanya wengi tunapakia jioni na kusafiri usiku. Basi gari lipumzike kivulini tangu mchana, upime na kujaza kabla ya kupakia. Usisubiri upakie kwanza ndipo upime ukidhani geji itakuonyesha uzito. Haitakuonyesha. Ukipandisha kilo 500 juu ya gari, geji inasogea kidogo sana, kinachobadilika ni tumbo la tairi linalofutuka. Ndiyo maana mtu anapima akiwa ameshapakia, anaona "30, iko poa", kumbe 30 hiyo ilikuwa ya gari tupu.

Mkirudi tupu, kama safari inayofuata ya mzigo ni baada ya siku nyingi, shusha kufikia namba ya gari tupu, tairi likiwa baridi. Kama ni kesho kutwa, acha tu, uendeshe kwa adabu kwenye mvua.

Geji yako mwenyewe

Kupiga tairi teke siyo kipimo. Kuligonga na spana na kusikiliza linavyolia nako siyo kipimo, hasa matairi haya ya kubeba mzigo yenye ubavu mgumu, yanaweza kupungua PSI 10 na macho yasione. Nunua geji. Ile ya kawaida ya mkononi haifikii bei ya tenga moja la nyanya msimu ukiwa mzuri, na inakaa miaka. Ya kituoni imeangushwa chini mara mia na kila kituo kinasoma lake. Ukiwa na yako, hata kama imekosea kwa PSI 1, inakosea kwa namna ile ile kila siku na unaona mabadiliko. Ongeza pampu ndogo inayochomekwa kwenye sehemu ya kuwashia sigara, au ile ya mguu.

Pima mara moja kwa wiki msimu wa mavuno, na kila unapopanga safari ndefu. Tairi zima hupoteza karibu PSI 1 kwa mwezi bila kutobolewa. Likipoteza 3 kwa wiki moja, linavuja. Tia povu la sabuni kwenye valvu kwanza, kisha kwenye kashata, kisha pale tairi linapokutana na rimu. Mara nyingi ni valvu iliyoingiwa mchanga kwa sababu kofia yake ilipotea na hakuna aliyejali. Huku kwetu miiba ya migunga nayo haikosekani. Tundu la kwenye kashata linazibika. Tundu la ubavuni halizibiki kwa usalama, usikubali, hata akikuahidi amefanya hivyo kwa magari kumi.

Weka kumbukumbu kwenye daftari lile lile la shamba. Tarehe, upepo wa kila tairi, mzigo. Sina haja ya kueleza sana, mnajua faida ya daftari.

Spea ijazwe kwa namba kubwa kuliko zote kwenye stika. Kupunguza njiani ni rahisi, kuongeza njiani ni shughuli.

Tairi lenyewe pia linaandika historia yake. Likilika kingo zote mbili, limekuwa likitembea na upepo pungufu. Likilika katikati, umezidisha. Likilika upande mmoja tu, hilo siyo suala la upepo, peleka gari likapimwe mpangilio wa magurudumu. Ndani ya vijia vya kashata kuna vinundu vidogo, kashata ikishalingana navyo zimebaki milimita 1.6, na hapo tairi limekwisha. Wapo wanaochukua tairi kipara na kulichonga vijia upya kwa kisu cha moto ili lionekane lina maisha. Hilo ni tairi lililochunwa ngozi.

Na mkinunua tairi za mtumba, tafuta ubavuni herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri huku raba imekauka na kupasukapasuka.

Kuna watakaokuuzia nitrojeni. Hewa hii ya bure tunayovuta asilimia 78 yake ni nitrojeni tayari. Kwa gari la nyanya, geji ina faida kuliko hiyo.

Wenye pikipiki, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wenu, stika iko kwenye kava ya mnyororo au kwenye mkono wa tairi la nyuma, na inatofautisha dereva peke yake na dereva mwenye abiria au mzigo. Soma. Wenye mikokoteni ya punda yenye tairi za gari, upepo mdogo unamfanya mnyama avute mzigo ambao haumo kwenye mkokoteni.

Trekta ni habari nyingine

Hapa kanuni inabaki ile ile, kipimo kinaenda na mzigo, ila lengo linabadilika. Barabarani tunataka tairi lisijikunje sana. Shambani tunataka lilale kidogo, likanyage eneo kubwa, lishike udongo bila kuushindilia. Udongo wa juu unabanwa kwa nguvu inayokaribiana na upepo uliomo ndani ya tairi, wakati udongo wa chini zaidi unabanwa na uzito wa ekseli. Ukilima na matairi ya nyuma yaliyojazwa 30 kwa sababu jana trekta lilivuta tela la mahindi barabarani, unatengeneza sakafu ambayo mizizi haitaipenya. Kisha unanipigia simu kwamba mahindi yamedumaa, nikupe booster.

Matairi mengi ya nyuma ya trekta hufanya kazi shambani kati ya PSI 12 na 20, kutegemea saizi, aina na jembe lililofungwa. Mwamuzi ni kitabu cha trekta au jedwali la tairi. Yale madogo ya mbele huhitaji zaidi.

Kujua kama umepatia, pima mtelezo. Chora mstari wa chaki ubavuni mwa tairi la nyuma. Tembeza trekta shambani jembe likiwa juu, hesabu mizunguko kumi, pima umbali. Rudia jembe likiwa ardhini kwenye gia ile ile. Tuseme ya kwanza ni mita 45, ya pili mita 40. Umepoteza 5 kati ya 45, asilimia 11. Ikiwa kati ya 8 na 15, endelea na kazi. Ikizidi, unachoma dizeli kusaga udongo: shusha upepo ukiwa ndani ya mipaka ya kitabu, au ongeza uzito. Ikiwa chini sana, trekta limebeba uzito usio na kazi na unalishindilia shamba bure.

Swali ninaloulizwa sana ni la maji ndani ya tairi la nyuma. Yanaruhusiwa kwa trekta, kwa ajili ya uzito, lakini yasizidi robo tatu ya tairi, yaani usawa wa valvu ikiwa juu kabisa. Sehemu iliyobaki ni ya upepo, na huo ndio unaobembea. Ukilijaza maji lote halibonyei, linapiga ardhi kama pipa. Wakati wa kupima hakikisha valvu iko juu, utumie geji inayovumilia maji, na uioshe na kuikausha baadaye. Kwa gari la barabarani, hapana, usiweke maji kabisa.